Kucha za Kisutu

Hina ilibeba lawama siku tatu nzima, na siku zote tatu mimi nilijua si hina.

Mdogo wangu alikuwa kwenye fungate, huko Chumbageni, Tanga. Kope zimevimba mpaka macho yamebaki nyuzi. Ncha za vidole nyekundu, zimepasukapasuka kando ya kucha kama muhogo uliosahauliwa juani. Wanawake wa upande wa mume wakawa wanaingia na kutoka. Wengine wakasema bi harusi kaunguzwa na hina, yule bibi kachanganya piko. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, wakasema hakuna hina inayovimbisha macho. Mtoto wa watu analia usiku kucha, kaozwa asikopenda. Maneno hayo yalifika kwetu Ngamiani kabla ya chakula cha mchana. Na mimi, niliyempamba kucha zile kumi kwa mkono wangu, nilikuwa uani nakuna nazi.

Sikuanza kwa ujinga. Nilianza na kichwa cha pini.

Anayetaka kujifunza kupamba kucha nyumbani hahitaji mengi zaidi ya yaliyomo ndani tayari. Pini ya kushonea, ukiichomeka kwenye kifutio cha penseli ukapata mpini, inatia nukta zinazolingana kuliko brashi yoyote. Dondoshea tone la rangi juu ya kifuniko cha chupa, chovya, gusa, inua. Nukta tano zikizunguka moja ni ua. Nukta hiyohiyo ukiivuta ikiwa mbichi inakuwa jani. Selotepu inakupa mstari ulionyooka, ila ibandike kwanza mgongoni mwa kiganja ipungue ukali, la sivyo itaondoka na rangi ya chini. Na ing'oe wakati rangi ya juu bado mbichi, maana ukingoja ikauke mstari unachanika. Kipande cha sifongo ya vyombo, kikipakwa rangi mbili bega kwa bega kisha kikagongwagongwa juu ya ukucha, kinakuletea machweo ya Raskazone pale mkononi. Nilikuwa nikikaa barazani kwangu Temeke, Dar es Salaam, jioni na chupa nne tu, nyekundu, nyeusi, nyeupe na ile isiyo na rangi, na saa mbili zinapita sijui zimekwenda wapi.

Kinachomshinda anayeanza si mchoro, ni unene. Rangi ya kawaida, ile mama zetu waliyoiita kyuteksi hata kama chupa haikuandikwa hivyo, ni utando ulioyeyushwa ndani ya kimiminika kinachopaa. Harufu unayoisikia ndiyo kimiminika chenyewe kinaondoka. Ukipaka nene, juu kunafunga kabla chini hakujatoa pumzi, na alfajiri unaamka na alama za shuka kwenye kucha zote kumi. Mipako miwili myembamba, katikati ukapumzika dakika tatu, inatosha. Brashi ipite katikati ya ukucha, kisha ubavu huu, kisha ule. Basi.

Nikafika mahali nikawa nachora leso. Korosho ya kanga niliiweka kwenye dole gumba, pindo lake kwenye kidole cha mwisho. Ofisini wakaanza kunisubiri saa ya chakula, mikono mezani kama watoto wanaokaguliwa kucha shuleni. Mmoja akaniuliza mbona yake inabanduka siku ya nne, ya fundi wa saluni inakaa wiki tatu. Swali hilo likanipeleka Kariakoo.

Seti ya jeli ilikuwa ndani ya kiboksi cha waridi: chupa kumi na mbili, taa ndogo nyeupe, tupa, gundi na kucha za bandia. Mchuuzi hakunidanganya neno lolote. Alisema, "Dada, hii haibanduki." Maelezo yaliandikwa Kichina, na palipokuwa na herufi nilizozijua zilikuwa ndogo kuliko sisimizi. Nikajifunza kwa video za dakika moja, ambazo kila mkono ndani yake ni msafi na hakuna anayejikuna.

Jeli haikauki. Hilo ndilo ambalo mwaka mzima sikulijua. Haina kitu cha kupaa. Ni kimiminika ambacho mwanga wa aina maalumu hukifanya kishikane na kuwa plastiki. Pale mwanga usipofika vya kutosha, inabaki mbichi, hata kama kwa macho inang'aa kama kioo. Na hata ikiganda sawasawa, juu kabisa hubaki utando unaonata, kwa sababu hewa hulizuia tabaka hilo lisishikane. Fundi huupangusa kwa spiriti, na pamba yake huitupa bila kuishikashika. Mimi niliugusa kwa ncha ya kidole kuona kama imekauka. Kila mpako. Kisha kwa kidole hichohicho nikajifuta jasho chini ya jicho.

Taa iliandikwa wati 36. Nikaamini wati ndiyo nguvu ya kugandisha, kumbe wati inakuambia tu taa inakula umeme kiasi gani. Jeli hutengenezwa pamoja na taa yake, kwa mwanga unaolingana nayo. Mimi nikanunua chupa za huku na za kule, nikazipeleka zote kwenye taa moja kama watu wanaopelekwa kwa mganga mmoja kwa kila ugonjwa.

Na pembeni sikuacha nafasi. Fundi anayejua kazi huacha mwanya wa upana wa uzi kati ya jeli na ngozi, huku na huku na pale shinani. Mimi mwanya ule niliuona uchafu. Nilitaka rangi iguse nyama, ionekane imeota pale. Jeli ikafurika kwenye kijingozi cha shina la ukucha, nami nikaigandisha hivyohivyo.

Kisha kuna suala la udhu, na wenzangu Waislamu hawatahitaji maelezo marefu. Rangi inazuia maji yasifike kwenye ukucha, ndiyo maana wengi wetu tunapaka zile siku za kutoswali. Ya kawaida unaiondoa kwa pamba na rimuva, unatawadha, umemaliza. Jeli imeundwa ing'ang'anie. Inatakiwa ilowekwe: pamba yenye asetoni juu ya ukucha, foili kuzunguka kidole, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha itelezeshwe taratibu kwa kijiti. Mimi siku ya kujitwaharisha magharibi inaadhiniwa, dakika kumi na tano sina. Nikawa naibandua. Inatoka vizuri sana, kwa kipande kimoja, kama ganda la yai la kuchemsha, na inaondoka na tabaka la juu la ukucha. Mwezi ujao napaka upya juu ya ukucha uliopungua. Nadhani hakuna ratiba mbaya kuliko hiyo ambayo ningeweza kuibuni: kupaka kila mwezi, kubandua kila mwezi, na kila mara ngozi inaonja jeli mbichi.

Mwezi wa tano vidole vikaanza kuwasha usiku. Kope zikawa kavu, zinachubuka. Nikalaumu vumbi la Mbagala. Nikalaumu poda, nikabadilisha sabuni, nikanunua vidonge vya mzio. Nikasafiri kikazi wiki mbili bila kiboksi changu, vyote vikatulia; niliporudi navyo vikarudi. Mtu mwenye akili zake angejumlisha. Nami, kusema kweli, nilijumlisha. Jibu ndilo sikulipenda, maana wakati ule nilikuwa nimeshaanza kulipwa.

Mdogo wangu alikuwa akiishi kwangu akisoma chuo. Kila mtindo kabla sijaufanya kwa mtu niliufanyia majaribio kwake. Alikuwa anapenda, alikuwa akinipa mkono huku anasoma, anafungua kurasa kwa kiwiko.

Harusi ikaja. Bibi wa hina alifika siku mbili kabla, na majani yake aliyoyakausha na kuyatwanga mwenyewe, akayakoroga na maji ya ndimu mpaka yakawa uji wa kijani. Shangazi alisimama mlangoni akasema kitu kimoja: "Piko haiingii nyumba hii." Hakueleza. Bibi akacheka kidogo, akasema yeye hana piko. Alichora mpaka usiku, maua kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, bi harusi akalala mikono imefungwa. Asubuhi ilikuwa rangi ya embe bivu. Hina huanza hivyo, kisha inazama yenyewe siku moja au mbili mpaka iwe nyekundu ya kahawia. Nyeusi ya papo hapo haitoki kwenye jani.

Zamu yangu ilikuwa mkesha wa harusi. Nilikuwa nimeamua kumchorea kisutu, kanga ya harusi yenyewe: nyekundu, nyeusi na nyeupe, vile vimsalaba na vinukta vyake, pindo likizunguka. Kucha kumi, saa tano za kazi. Nikaongeza unene ili mchoro usimame. Alipoingiza dole gumba kwenye taa akalirusha nje.

"Dada, inachoma!"

"Vumilia kidogo."

Ilikuwa inachoma kweli. Jeli ikishikana hutoa joto, na ikiwa nene joto hilo halina pa kwenda. Nilikuwa nimebakiza vidole vinne umeme ulipokatika. Nikachomeka taa kwenye pawabenki. Mwanga ukawa wa kinyonge, unafifia na kurudi. Nikampa sekunde sitini, nikampa nyingine sitini, nikagusa, inanata. Nikajiambia huo ni ule utando wa kawaida. Asubuhi ukumbi mzima ulikuwa unashika mikono yake. Picha ninazo bado. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijui nizifanyeje.

Siku ya pili ya fungate ndipo kope zilipoanza. Baba mdogo akasema nusu ya ujira wa Bibi iliyobaki isipelekwe. Watu wawili waliokuwa wamemwekea Bibi nafasi za harusi zao wakamtumia ujumbe kwamba wameahirisha. Nayajua haya kwa sababu nilikuwepo yaliposemwa. Nilikuna nazi, nikachuja tui, nikanyamaza.

Siku ya nne Shangazi alinichukua twende Chumbageni. Alimkalisha bi harusi karibu na dirisha, akaishika mikono yake, hakuzitazama kucha kwanza. Alitazama maua. Akapitisha kidole kwenye shina la ua, kutoka kwenye kiungo cha mkono mpaka katikati ya kiganja. Ngozi ilikuwa laini, imetulia, rangi imezama vizuri.

"Hina ikichoma," alisema, "inachoma ilipopita." Kisha akauvuta mkono wangu mimi, akaugeuza. "Na hivi vyako, mwanangu? Hina gani hiyo uliyopaka?"

Sikujibu. Akakunja mkono wa dera lake mpaka kwenye kiwiko. Nimemjua Shangazi maisha yangu yote na sikuwahi kuuona mkono ule wazi. Palikuwa na ua. Jeupe kuliko ngozi yake, limenyanyuka kidogo, na majani yake yote, na kikonyo chake, wazi kabisa. Piko ya harusi ya mwaka 1996. Unga wa kutia nywele rangi nyeusi, uliokorogwa na kupakwa kama hina. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, ambayo Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele, kwa kipimo chenye kikomo, na si kuchorea ngozi. Iliwasha, ikafura malengelenge yaliyofuata mchoro, ilipopona ua likabaki. Miaka kumi baadaye alipaka rangi mvi zake na kichwa kikavimba mpaka masikio. Ndiyo maana chini ya ushungi nywele zake ni pamba tupu. Nilikuwa nadhani ni ucha Mungu.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikamgeukia.

"Mama, si hina. Ni mimi."

Alinitazama muda mrefu. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichosema.

"Foili ipo kabatini."

Kwanza chetezo kilitolewa nje, na makaa yake na udi wake, kwa sababu mvuke wa asetoni peke yake unatosha kushika moto, nao hutambaa chini ukatafuta makaa yalipo. Madirisha yakafunguliwa. Nikampaka vaselini kwenye ngozi yote ya vidole, nikasugua juu ya kucha kwa tupa kidogo kidogo ili asetoni ipate pa kuingilia, nikafunga kidole kimoja kimoja. Kumi, vinang'aa, kama samaki waliosubiri jiko. Tulikaa robo saa bila mtu kuongea. Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya nyuzi. Nilipofungua cha kwanza kisutu kikatoka kama ngozi ya maziwa, nyekundu na nyeusi vimechanganyika, na upande wa chini, uliokuwa umeelekea ukucha, bado ulikuwa mbichi. Uliacha uzi nilipouvuta.

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Nilikuwa nawashwa."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akarudisha mkono wake, kisha akaunyosha tena, maana vilikuwa vimebaki vidole tisa.

Daktari wa ngozi tuliyemwona Dar es Salaam baadaye alitukalisha wote wawili. Krimu ya steroidi, mikono isiguse kitu kile tena, na habari ambayo nilidhani nimeisikia vibaya: mzio huo hauponi, unakaa na mtu. Kemikali inayoongoza kwa visa hivi inaitwa HEMA, imo kwenye jeli nyingi za kucha. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo juu yake na ndugu zake, kikizitaja hasa seti za kujipakia nyumbani. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ukaamua bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe za mafundi pekee, na kifungashio kiseme hivyo pamoja na onyo la mzio. Nilimwambia kwamba kwa wateja nilikuwa navaa glavu. Zipi? Zile nyembamba za duka la dawa. Akatikisa kichwa, mpira ule jeli inaupenya kwa dakika chache tu. Nikamwuliza mbona kope, wakati jeli ilikuwa vidoleni. Akaniambia nihesabu saa nzima ni mara ngapi naugusa uso wangu. Nilikuwa naugusa wakati ule ule.

Kisha akasema mkienda kung'oa au kuziba jino, mwambieni daktari wa meno kabla hajafungua kopo lake. Ile dawa nyeupe ya kuzibia meno, inayogandishwa kwa kitaa cha buluu, ni ya ukoo huohuo. Nilishangaa, kumbe si ajabu: miaka ya 1950 daktari wa meno mmoja wa Marekani, Fred Slack, alivunjika ukucha akautengenezea mwingine kwa plastiki ya meno, na kucha za akriliki zikaanzia hapo. Tulitoka hospitalini mdogo wangu akiwa anapapasa jino la nyuma kwa ulimi.

Mama mkwe aliwaambia wanawake wa kwao mwenyewe, nyumba kwa nyumba, jambo ambalo sikumwomba. Hata hivyo yale ya kwamba analia hayakufa kwa siku moja. Mwezi wa tatu bado kulikuwa na shangazi wa mume aliyekuwa akimshika kidevu na kumwuliza kama yuko salama.

Kwa Bibi nilikwenda peke yangu. Kucha zangu mbili zilikuwa zimeachana na nyama nusu, nyeupe, zimeinuka kama mlango usiofungika. Ukucha wa mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo dole gumba lilikuwa na nusu mwaka mbele yake. Nilimkuta barazani anachambua majani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikatoa bahasha badala yake, nusu ya ujira wake na juu yake kitu. Alizihesabu pesa, akachukua nusu yake, kile cha juu akakirudisha kwenye bahasha na bahasha akanirudishia. Nikamweleza yote, mpaka nazi. Alisikiliza huku anachambua.

"Wale wawili walioahirisha," alisema, "unawajua kwao?"

"Nawajua."

"Basi utaanza na huko."

Nikasema ndiyo. Nikamwuliza kama angenipaka hina ncha za vidole siku moja, kuficha. Akanishika mkono, akauelekeza kwenye mwanga, akaminya kidogo ukingo wa ule ukucha ulioinuka mpaka nikajikunja.

"Rudi zikishaota," alisema, na akavuta ungo wake.